Neno Nililolifuta

Kwa miaka mitatu hivi niliandika mtandaoni kwa jina la Mpita Njia. Siku hizi vijana niliowafundisha, ambao sasa wana kurasa zao wenyewe, huniuliza kama mwenye blogu atumie jina lake au ajifiche. Wanauliza kama mgonjwa anayeuliza dawa, nimeze hii au ile. Huwa siwajibu haraka. Huwasimulia habari ya mwanamke mmoja wa Iguguno mwenye mashine ya kukamua alizeti, kisha nawaacha wachague wenyewe. Habari hiyo ndiyo nitakayoieleza hapa, na nitakwenda polepole, kwa sababu kosa langu lilikuwa la neno moja tu, na kosa dogo namna hiyo halionekani kwa mtu anayekimbia.

Kwanza nieleze kwa nini nilijificha, maana sababu yenyewe haikuwa mbaya. Nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari. Iguguno ni mji wa barabarani. Malori na mabasi yanapita katikati, na ukitoka nyuma ya nyumba za mwisho unaingia moja kwa moja kwenye alizeti na mahindi ya watu. Katika mji wa namna hiyo mwalimu ni mali ya wote. Ukinunua nyanya zilizolegea, kesho yake mtu anakuuliza kwa upole kama mshahara umechelewa. Ukikaa nje na kitabu, jirani anakuja kukuuliza kama unaumwa. Wanafanya hivyo kwa kupenda, na mimi niliwapenda, lakini nilitaka kona moja ambayo hakuna anayenichungulia.

Nikanunua kompyuta mpakato iliyotumika na modemu ya kuchomeka. Simu za batani bado zilikuwa nyingi kuliko za kugusa, na kufungua blogu hakukuhitaji chochote zaidi ya anwani ya barua pepe. Mambo ya kujisajili na vibali yalikuja baadaye. Niliandika vitu vya kawaida kabisa: namna ya kumtambua kuku mgonjwa mnadani hata kama kapakwa mafuta kwenye kishungi ili ang'ae, namna mtu mwenye haraka anavyokusalimia huku anatembea, mpaka unapojibu habari za watoto yeye yuko mita hamsini mbele na bado anaitikia. Watu wa Singida waliohamia Dodoma na Dar es Salaam wakaanza kusoma. Waliandika kwenye maoni kwamba wanasikia harufu ya mashudu wanaposoma. Mashudu ni makapi ya alizeti yanayobaki baada ya mafuta kutoka, na mtu anayekumbuka harufu hiyo akiwa mbali, ujue anaumwa na kwao.

Raha ya kutojulikana nitaikiri. Katika chumba cha walimu walijadili Mpita Njia ni nani, na mimi nimekaa pale pale nikisahihisha madaftari. Walikubaliana ni mwanamume, tena dereva au afisa kilimo, kwa kuwa anajua bei za mbegu. Mwalimu mwenzangu mmoja alichapa andiko langu la kuku akawapa kidato cha tatu kama zoezi la ufahamu. Swali la nne liliuliza lengo la mwandishi. Nilipoliangalia jibu lake la kusahihishia, halikuwa lengo langu hata kidogo. Kwa kipimo chake, mimi mwenyewe ningekosa alama mbili.

Sasa huyo mwanamke wa mashine. Alinizidi miaka kama kumi, mjane, mwenye sauti ya kushindana na injini. Mashine yake ilikuwa kwenye banda kando ya barabara kuu, banda lenye mlango aliopaka rangi ya njano ili wateja wasipotee. Alikamua alizeti za wakulima, na mafuta yake mwenyewe aliyauza kwa mama lishe wa stendi, kwa wasafiri, na zaidi kwa duka moja la Singida mjini. Kila wiki alipeleka madumu huko. Mafuta yake yalikuwa safi. Aliyaacha yatuame, akayachuja kwa kitambaa cheupe alichokifua na kukianika mwenyewe, akayachuja tena. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na nisingeyapikia kwangu kama si hivyo.

Mimi na yeye tulikuwa watani. Kabila lake na langu ni watani tangu zamani. Yapi hayo, nitayaacha, maana mwenye kuyajua atamjua na mtu. Kwa vijana ambao utani wanausikia tu kwenye harusi, nieleze kidogo. Mtani anaruhusiwa kukuambia maneno ambayo mwingine akikuambia mtapelekana kwa mwenyekiti wa kijiji. Anaweza kuingia kwako akafunua sufuria. Msibani, wakati ndugu wanalia, yeye ndiye anayeiga namna marehemu alivyotembea, na watu wanacheka huku machozi yanatoka. Wewe hukasiriki. Ukikasirika unatozwa faini. Kwa hiyo kila nilipopita kwenye banda lake niliuliza kwa sauti kama leo mafuta ameyachujia ile kanga yake ya harusi, ambayo haijaona maji tangu bwana harusi alipokuwa na meno yote. Naye alijibu mbele ya wateja kwamba afadhali kanga, kuliko mwalimu anayesonga ugali wa vumbi la chaki. Tulikwenda hivyo miaka mingi bila hata kuamkiana. Matusi yetu ndiyo yalikuwa salamu.

Siku moja nikakosa la kuandika, nikaandika kanga. Nililiandika vizuri, nasema bila unyenyekevu. Lilianza hivi: "Mtani wangu mmoja hapa barabarani ana mashine ya alizeti yenye mlango wa njano." Likaendelea na kanga, na bwana harusi, na siri ya utamu wa mafuta. Nilipolirudia kulisoma nikasimama kwenye lile neno la kwanza. Nikisema mtani wangu, watu wa Iguguno watauliza ni nani anayemtania huyu mama. Wa kabila langu walikuwa wachache pale, na mwenye uwezo wa kuandika kurasa mbili bila kukosea alikuwa mmoja. Nikalifuta. Nikaweka "mama mmoja". Sentensi zilizobaki sikuzigusa hata nukta.

Maoni ya mwanzo yalikuwa vicheko. Kisha mtu akauliza kama habari hii ni kweli. Mwingine akasema ndiyo maana tumbo lilimsumbua aliposafiri njia hiyo. Baadaye mtu nisiyemjua akalinakili andiko zima akaliweka kwenye ukurasa wenye wasomaji wengi, chini ya kichwa cha habari kuhusu uchafu wa mafuta ya mitaani. Niliyaona hayo yote. Niliona, nikacheka kidogo kwa wasiwasi, nikafunga kompyuta. Nilijiambia watu wazima wanajua mzaha.

Baada ya wiki mbili, Jumamosi alasiri, nilikuwa nje nachambua choroko, nikamwona anakuja kwangu. Hakunitukana. Alikaa kwenye kigoda, akafungua pindo la kanga akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Binti yake alikuwa amelichapisha lile andiko kwenye steshenari moja ya Singida akamletea, kwa kuwa yeye simu yake haikuwa ya kufungua mambo hayo.

"Soma, Mwalimu," akasema.

Nikasoma maneno yangu mwenyewe kama ninayasoma mara ya kwanza. Kwenye karatasi yalikuwa na sura nyingine. Yalikuwa shitaka.

"Anaandika vizuri, mshenzi huyu," akaendelea. "Mstari wa kwanza nilicheka. Nikasema huyu ni mtani. Nikatafuta mtani gani, sikumwona."

Kisha akanieleza kilichompata. Mama lishe wawili wa stendi walikuwa wamehamia kwa mkamuaji mwingine, na bado wanamsalimia kwa aibu. Mwenye duka wa Singida, wa familia moja ya Kihindi iliyokaa mjini pale vizazi vitatu, alikuwa amempigia simu kwa heshima zote akamwomba apumzike kwanza kuleta madumu, mpaka aelewe jambo hili. Binti wa mwenye duka, anayesoma mbali, ndiye aliyeliona mtandaoni. Mzee yule hakumwita mchafu. Alisema tu kwamba yeye anauza chakula. Mtani wangu aliyarudia maneno hayo mara mbili, "anauza chakula". Duka lile ndilo lililokuwa linaiendesha mashine. Bila duka lile angefunga banda kabla ya mavuno mengine.

Na alikuwa ameshamjua mwandishi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kijana wa miaka kama thelathini aliyeleta mashine mpya ya kukamua, mwenye pikapu na simu kubwa. Nani mwingine angetaka wateja wake? Kila asubuhi kijana yule alivuka barabara kumwamkia, na kwa siku tisa sasa mtani wangu hakumwitikia. Kwetu hilo si jambo dogo. Kuinyima shikamoo marahaba yake mbele ya watu ni sawa na kumwaga maji ya mtu aliyetoka nayo kisimani.

"Nimekuja uniandikie jibu," akasema. "Wewe ndiye mwenye Kiswahili."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake niliingia ndani nikaleta karatasi na kalamu. Akawa anasema, nikaandika. Nimewahi kuandika imla nyingi, lakini ile ndiyo pekee niliyoiandika nikijitukana kwa mwandiko wangu mwenyewe. Alianza: "Wewe usiye na jina, mimi ninalo." Akaeleza anavyochuja, na anavyofua kitambaa, na kwamba mlango wake uko wazi kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi, na anayetaka aje aone. Alisema bila kupaza sauti. Mwisho akaniambia niweke jina lake, na la baba yake, na la kijiji alikozaliwa. Nikamuuliza kama halitoshi jina moja.

"Weka lote. Mimi sijajificha."

Nikaweka lote. Hapa ninaliacha, kwa kuwa lilikuwa lake, na siku ile ndiye aliyeamua litoke.

Alipoondoka nikajipangia njia ya mkato. Jumapili baada ya ibada niliichapa barua yake kwenye blogu neno kwa neno, na chini yake Mpita Njia akaomba radhi. Nikaeleza kwamba yale yalikuwa utani, kwamba mafuta ni safi, kwamba mwandishi mwenyewe anayapikia. Niliona nimemaliza kazi kwa adabu. Sikuwa nimefikiri kwamba mtu asiyejulikana, neno lake la kuomba radhi nalo halina mwenyewe. Maoni yakaja. Mmoja alisema Mpita Njia ametishwa. Wa pili akasema amepewa dumu. Wa tatu aliuliza kama ndiye Mpita Njia yule yule au mtu ameiba ukurasa. Na wa nne, ambaye kwa uandishi wake alikuwa mtu wa huku kwetu, aliuliza: "Mtani gani huyo asiye na kabila?"

Nilikaa na swali hilo jioni nzima, choroko zimeungua kwenye sufuria. Lilikuwa swali sahihi kuliko yote niliyowahi kuulizwa na msomaji. Utani una ruhusa, na ruhusa inatoka kwenye kujulikana. Watu wanatazama nani kasema, wa kwa nani, na anayeambiwa ni wa kwa nani, ndipo wanajua kama wacheke. Ukiondoa anayesema, maneno yanabaki yale yale lakini ruhusa imeondoka. Nilikuwa nimefuta neno moja ili nisijulikane, na neno hilo ndilo lililokuwa linabeba mapenzi yote ya andiko zima.

Jumatatu baada ya vipindi nikaenda kwenye banda. Injini ilikuwa inanguruma, yeye anamimina alizeti za mkulima mmoja juu ya mashine. Nikasimama mlangoni nikasema, "Shikamoo."

Akageuka. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwamkia hivyo. Akajua kuna jambo kabla sijafungua mdomo tena. Nikasema haraka haraka, juu ya kelele, kwamba Mpita Njia ni mimi. Akazima mashine. Mkulima alikuwa amekaa juu ya gunia lake.

"Rudia," akasema. "Sikusikia."

Alikuwa amesikia. Nikarudia mbele ya mkulima.

Hakupiga kelele. Aliifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akaniuliza nimemsema kanga mara ngapi mbele ya watu. Nikasema mara nyingi. Akauliza alikasirika lini. Nikasema hajawahi. Basi kwa nini sikuandika kwamba ni mimi? Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa kusemwa shuleni, kwamba nilitaka kona yangu.

"Kwa hiyo jina lako ulilifunika, langu ukaanika."

"Sikukutaja jina, mtani."

"Milango ya njano hapa Iguguno ni mingapi?"

Mkulima, ambaye hakuwa ameulizwa, akasema ni mmoja.

Nadhani ni huyo mkulima aliyetuokoa, maana mtani wangu alimtazama, kisha akanitazama mimi, na mdomo ukamcheza. Akasema ananitoza faini. Niliposikia neno hilo nilifarijika, kwa sababu faini anatozwa mtani. Adui hatozwi faini, anashitakiwa. Faini yenyewe ilikuwa jogoo, halafu niliandike andiko upya na jina langu na kabila langu, halafu niende naye Singida dukani nikaseme kwa mdomo. Nikakubali vyote vitatu. Jogoo nilijaribu kumshusha awe tetea, akakataa.

Jioni ile nililiweka andiko la kanga kama lilivyokuwa mwanzo, "Mtani wangu mmoja hapa barabarani". Chini nikaandika jina langu kamili, kabila langu, na kwamba mimi ni mwalimu. Sikuongeza maelezo. Niliogopa kubonyeza, nikabonyeza.

Kesho yake nilivuka barabara kwenda kwa yule kijana wa mashine mpya nikamweleza kwamba kwa sababu yangu amekosewa. Alikuwa hajui hata kwamba anashukiwa. Alidhani mama yule kaanza kuwa mzito wa masikio, na ndiyo maana siku za karibuni alikuwa akimwamkia kwa sauti kubwa zaidi. Mtani wangu alikuja nyuma yangu. Kijana akainama kidogo, akasema shikamoo kwa sauti ya kumwita mtu aliye shambani.

"Marahaba," akajibu. "Na ya jana marahaba, na ya juzi marahaba." Akaendelea kuhesabu kurudi nyuma mpaka siku zote zikatimia, na kijana amesimama pale haelewi kama acheke. Mwisho akamwambia asipige kelele, yeye si kiziwi. Kijana ndiye aliyejitolea pikapu yake kutupeleka Singida.

Shuleni mambo hayakuwa mepesi, wala hayakuwa mabaya kama nilivyoogopa. Nilipoingia chumba cha walimu watu waliinamia madaftari yao. Kisha mwenzangu wa zoezi la ufahamu akauliza kwa unyonge jibu la swali la nne lilikuwa lipi hasa. Mkuu wa shule aliniita, akaniomba habari za wanafunzi zisiingie kwenye blogu. Nikamkubalia, kwa kuwa ni haki yao. Lakini nitakuwa mwongo nikisema sikupoteza kitu. Nilikuwa nimepanga kuandika juu ya vikao vya kamati za harusi, na sikuandika. Nilipoingia kwenye kikao kilichofuata mwenyekiti alitazama kwanza kama nimebeba kalamu. Wasomaji wengine waliniambia Mpita Njia alikuwa mchekeshaji kuliko mimi. Huenda ni kweli. Alikuwa hana majirani.

Na sisemi kwamba kila mtu ajitaje. Kati ya wasomaji wangu alikuwapo mwanamke aliyetumia jina la ua, aliyeandika kwenye maoni, kidogo kidogo, mambo ya ndoa yake ambayo yasingeweza kusemwa kwa jina. Sikumuuliza yeye ni nani, na leo nikimkuta sitamuuliza. Yeye alijificha ili asiumizwe, na katika kujificha kwake hakumwanika mtu. Vijana wanaponiuliza huwa nawaambia watazame hapo kwanza. Unapoficha jina lako, je, kuna mtu ambaye la kwake limebaki nje? Kama yupo, mwingize ndani nawe, au utoke nje ukakae naye. Najua hilo si jibu la ndiyo au hapana. Mimi mwenyewe nililipata kwa kuchelewa.

Alhamisi tukaenda Singida, madumu nyuma ya pikapu, sisi watatu mbele. Duka lilikuwa karibu na soko. Mwenye duka alitukaribisha kwa soda. Kando ya magunia ya mchele alikaa mama yake kwenye kiti cha plastiki, kizee mdogo wa mwili mwenye miwani mizito. Tulimwamkia, akaitikia marahaba kama bibi yeyote wa kwetu. Alikuwa amezaliwa mjini pale pale.

Nikasema nilichokuja kusema. Mwenye duka alisikiliza mpaka mwisho. Akasema jina langu ameliona, na anashukuru, lakini jina mtu anaweza kuliandika hata akilazimishwa, au akimhurumia rafiki. Yeye mteja wake akimuuliza, atamjibu nini? Hakuwa na ukali. Alikuwa mfanyabiashara mwangalifu aliyetaka kuamini na hajui pa kushika. Mtani wangu aliinamisha kichwa, na nikaona safari nzima inarudi nyumbani na madumu yake.

Kizee akauliza kwenye kiti chake, "Wamesema ni watani?"

Mwanawe akasema ndivyo wanavyosema.

"Basi waache wataniane, nisikie."

Tukatazamana. Hakuna jambo gumu kama kutania kwa kuamriwa, mbele ya mizani na watu wanaonunua sabuni. Mtani wangu ndiye aliyeanza, akimwelekezea kidole kizee kana kwamba anatoa ushahidi.

"Bibi, huyu kwao wakisikia kuna msiba, wanauliza kwanza kama kuna nyama."

"Sisi tunauliza," nikasema. "Kwao wanakuja na sufuria kabisa."

"Sufuria tuliziazima kwenu, na hamjazifuata mpaka leo maana hamjui kupika."

"Tungezifuataje, nyie mmezifanya kofia?"

"Na huyu, bibi, ukimsalimia anasahihisha. Nilimwambia 'habari ya leo', akanipa saba kwa kumi."

"Nilimwongezea mbili za huruma."

Kizee alikuwa ameshavua miwani. Alicheka bila sauti, mabega tu yanatikisika, huku anajifuta macho kwa ncha ya nguo yake. Akamwambia mwanawe kwa lugha yao maneno marefu, kisha akatugeukia kwa Kiswahili akatueleza kwamba alipokuwa msichana, wapagazi wa duka la baba yake walikuwa wa makabila mawili, na walifanya hivi hivi kuanzia asubuhi hadi kufunga. Siku mmoja wao alipougua, ni hao waliomtukana ndio waliombeba mpaka hospitali.

"Hii haifundishwi," akamwambia mwanawe. "Pokea mafuta."

Mwenye duka hakupokea kwa kuambiwa tu. Alifungua dumu moja, akanusa, akamimina kidogo kwenye glasi, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga akaitazama kwa muda. Mtani wangu alishika kiwiko changu akakibana mpaka kikaniuma. Kisha mzee yule akarudi, akaweka glasi mezani, akasema tuyashushe, na wiki ijayo mtani wangu alete kama kawaida.

Tulitoka nje kwenda kwenye pikapu. Mtani wangu alikuwa anapenga makamasi kwenye kanga na kujifanya ni vumbi la mjini. Kijana wa mashine akakunja mikono ya shati ili aanze kushusha, lakini mtani wangu akamzuia kwa mkono, akaniangalia mimi niliyesimama na mkoba wangu wa shule.

"Jina tumeshalisoma, Mwalimu. Sasa tuone mgongo."

Nikaweka mkoba chini, nikavuta dumu la kwanza nikalibeba kuelekea dukani, mafuta yakigongagonga ndani. Nyuma yangu nilimsikia akimwambia kijana, kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima, aangalie watu wa kabila lile wanavyobeba dumu, kama wameliiba.